Ahadi ya Siku Moja

Wahenga walituachia usemi kwamba ahadi ni deni. Nimeufundisha usemi huo darasani miaka mingi, nikitoa mfano wa mtu aliyekopa debe la mahindi kwa jirani. Uzeeni nimelazimika kujiuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza: je, ni haki kumdai mtu ahadi ambayo hana uwezo wa kuilipa?

Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nilikuwa na mwalimu mmoja hodari wa hesabu, lakini mlevi. Nilimwita ofisini, nikamwekea karatasi na kalamu, akaandika kwamba hatakunywa tena maisha yake yote. Alitia sahihi, nami nikagonga mhuri wa shule. Baada ya majuma matatu alikutwa amelala kando ya njia. Niliiambatanisha karatasi ile na barua yangu kwa wakubwa, naye akaachishwa kazi. Niliamini nimetenda haki. Aliahidi, akavunja, kwangu hesabu ilikuwa imefungwa.

Nilipostaafu, pombe ilinishika mimi. Ilianza kwa mbege ya jioni pamoja na wazee wenzangu, ikaishia kwenye chupa niliyoificha nyuma ya gunia la mbolea. Niliahidi kuacha Mwaka Mpya, nikaahidi Pasaka, nikaahidi mbele ya kaburi la mama yangu. Kila ahadi ilikuwa ya maisha yote, na hakuna iliyomaliza mwezi. Aristotle alimfananisha mtu ajuaye jema akashindwa kulitenda na mlevi anayekariri beti za mshairi: maneno yanatoka sawasawa, lakini maarifa hayajamwingia. Sisi walimu tunawafahamu wanafunzi wa namna hiyo. Sikudhani ningekuwa mmoja wao.

Daktari ndiye aliyenieleza habari za mikutano ya Alcoholics Anonymous mjini. Nilipanda daladala, nikalipita lango mara mbili nikijifanya natafuta duka la dawa; mara ya tatu nikaingia. Mlikuwa na watu tisa, viti vya plastiki na birika la chai. Nilipotakiwa kujitambulisha, nilisimama kama niliye mbele ya paredi, nikataja shule nilizoziongoza. Kijana mmoja, utingo wa lori, akasema kwa upole, "Karibu sana, mzee wetu. Hapa jina moja linatosha." Nikataja jina, kisha nikatangaza kwamba sitakunywa tena hadi kufa. Hakuna aliyepiga makofi. Mama ntilie mmoja akaniuliza, "Baba, na leo jioni utafanyaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maisha yote, ila si kwa saa kumi na mbili ya siku ile.

Baadaye nilijifunza kwamba chama hiki kilianza hivyo hivyo. Mwaka 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, Marekani. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na baa ilikuwa karibu. Alipiga simu huku na huku akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, hadi akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Hakutafuta mtu wa kumwapisha. Alitafuta mwenye shida kama yake. Hata leo sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kunywa.

Mke wangu alinipinga. Alisema kwamba mtu asemaye "leo sinywi" ameuacha mlango wa kesho wazi. "Ungenioa kwa ahadi ya siku moja?" aliniuliza. Hoja yake ni nzito, na nimeitafakari sana. Nionavyo mimi, deni kubwa halipungui heshima kwa kulipwa kidogo kidogo. Aahidiye maisha yote ili atoke ofisini ananunua muda. Aahidiye leo lazima alipe kabla hajalala, na Alhamisi ijayo wapo watakaomwuliza.

Hapo ndipo nilipokosea kwa yule mwalimu. Simwondolei lawama: watoto walistahili mwalimu mwenye akili timamu, na pengine wajibu wangu ulikuwa kumtoa darasani. Lakini nilimdai deni la maisha yote kwa siku moja, kisha nikafunga ofisi, nikaenda nyumbani. Jioni ile hakuna aliyemwuliza angefanyaje. Nilikuwa mdai wake tu. Kuwa mwenzake hakukunijia akilini.

Alifariki kabla sijahudhuria mkutano wangu wa kwanza. Nilikwenda kwao, nikamweleza kijana wake mambo haya yote. Alinisikiliza, akanikaribisha chai, hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme.

Katika posa ya mjukuu wangu nilipewa mbege, nikasema leo sinywi. Wazee wakacheka, wakauliza, "Na kesho?" Nikawajibu kwamba kesho haijafika. Siku za Alhamisi nawahi kupanga viti. Akija mgeni akaapa kwamba hatakunywa tena hadi kufa, simpigii makofi; namsogezea chai, nikamwuliza habari za jioni hii.