Haki ya Mbwa Tuliyemtaka

Miongoni mwa masuala ambayo wanazuoni wameyapima tangu kale ni hili la mwanadamu kuingiza mkono wake katika nasaba za wanyama, akampandisha huyu kwa yule ili apatikane wa tatu ambaye maumbile peke yake huenda yasingemleta. Mfano mkongwe ni nyumbu, mwana wa punda na farasi. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa na nyumbu wake aliyeitwa Duldul, na Sura An-Nahl inamtaja nyumbu pamoja na farasi na punda katika neema za vipando, lakini imepokewa vilevile na Abu Daud kwamba Sayyidna Ali alipotaja fikira ya kuwapandisha punda kwa farasi, Mtume hakuiridhia, akasema kuwa hiyo ni kazi ya wasiojua. Aliyekwisha kuzaliwa, basi, hupokewa kwa shukrani, na anayekusudia kumzalisha huulizwa ana haja gani. Mbele ya swali hilo ndipo ninapotaka kumsimamisha mbwa mahuluti wa pudeli, ambaye zama hizi ananunuliwa kwa fedha nyingi huko Ulaya, Marekani na Australia.

Sifa yake ilianza kwa haja ya kweli. Miaka ya 1980 ilipokuwa inaelekea ukingoni, mwanamke kipofu wa Hawaii alikiomba chama cha mbwa viongozi wa vipofu cha Australia kimpatie mbwa ambaye hatamdhuru mumewe, aliyekuwa na mzio wa mbwa. Wally Conron, msimamizi wa uzalishaji wa mbwa wa chama hicho, akajaribu pudeli 33, kwa kuwa manyoya ya pudeli hayadondoki ovyo, asipate hata mmoja mwenye utulivu wa kuongoza mtu. Ndipo alipompandisha pudeli dume kwa labrado jike, wakazaliwa watoto watatu. Manyoya na mate yao yakapelekwa Hawaii, na katika hao watatu ni mmoja tu, Sultan, ambaye mume yule alimstahimili. Waliosalia hawakutakiwa na mtu, kwa kuwa kila aliyeombwa kuwalea alitaka mbwa wa nasaba safi, mpaka Conron alipotangaza kwamba chama kimepata aina mpya, labradudeli, na maombi yakamiminika. Uzeeni alisema hadharani kwamba anaijutia kazi ile, kwa sababu iliwafungulia mlango wazalishaji wasiojali afya ya wazazi wala hatima ya watoto.

Majuto yake nayaheshimu, ila siyafuati mpaka mwisho, kwa maana sioni dhambi katika kumtafutia kipofu macho. Dhambi naiona katika ahadi inayouzwa pamoja na mbwa huyu. Kinachomdhuru mwenye mzio si unywele wenyewe, bali ni protini zilizomo katika mate na mba wa ngozi, na uchunguzi uliochapishwa na wataalamu wa Uholanzi mwaka 2012 uliikuta protini iliyo kuu kati ya hizo ikiwa nyingi zaidi, wala si haba, katika manyoya ya mbwa wanaosifiwa kuwa salama. Tena ndugu wa tumbo moja hutofautiana: huyu ana mawimbi yasiyodondoka, na yule ametoka na manyoya ya labrado yanayotapakaa nyumba nzima.

Na hata ahadi inapotimia, unywele usiodondoka haukutoweka. Umebaki juu ya mnyama. Kwa mbwa wengine unywele uliokufa huanguka chini ukafagiwa, lakini kwa huyu hunaswa ndani ya vipindo vya nywele hai, zikasokotana nyuma ya masikio, makwapani, mapajani na chini ya ukosi, hata likawa fundo gumu linalovuta ngozi kwa kila hatua na kufuga unyevu, na ngozi iliyo chini yake ikachubuka bila ya mtu kuona. Usafi tunaoupata sakafuni tumeununua kwa ngozi yake. Ndiyo sababu hupasa kuchanwa takriban kila siku, tabaka baada ya tabaka mpaka ngozini, kwa kuwa brashi inayopita juu juu humdanganya mwenye mbwa. Na achanwe kabla ya kuogeshwa, maana maji huyakaza mafundo. Na manyoya yapunguzwe kila baada ya wiki sita hadi nane. Masikio yake yanayolala yakaushwe kila aingiapo majini, na maji atayapenda, kwani jamaa zote mbili alizotoka zilikuwa za kuokota windo majini. Naye akifungiwa bila ya kazi wala mbio, akili yake nyingi huigeuza kuwa uharibifu. Wala mtu asidhani kuwa kuchanganya damu ni kinga: pudeli na labrado wote wawili wana maradhi ya nyonga, na wote wawili huweza kurithisha upofu wa macho unaojitokeza ukubwani.

Msomaji wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, atanikumbusha kuwa mbwa ni najisi na kwamba hafugwi ila kwa haja. Ni kweli. Lakini tohara ni wajibu wetu sisi, si adhabu ya mbwa, na kisa cha yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa madhambi yake kinajulikana kwa kila mtoto wa chuoni. Vitabu vya fikihi ya madhehebu hayo hayo vinamwajibisha mwenye mnyama kumpa nafaka yake, yaani matunzo yanayompasa, na anayekataa hushurutishwa na hakimu. Sioni hoja ya kukitoa kitana katika nafaka hiyo, iwapo ni sisi tuliotaka mnyama awe na manyoya asiyoweza kujiondolea. Na anayetamani mtoto wa mbwa huyu, kabla ya kuuliza rangi yake, imemlazimu aombe vyeti vya nyonga na macho vya wazazi wote wawili, kisha aiulize nafsi yake kama iko tayari kushika kitana hicho kwa miaka 12 au zaidi ambayo mbwa huyu kwa kawaida huishi.