Ndege ya 00:40

Tiketi ilisema 00:40, Jumamosi, tarehe 14 Desemba, Dar es Salaam kwenda Muscat. Baba Salma wa Tabata, tumwite hivyo, aliisoma pale pale steshenari ilikochapwa, akaikunja na kuitia mfuko wa shati. "Tunaondoka Jumamosi usiku, saa sita na dakika arobaini," alitangaza alipofika nyumbani. Hakuna mwingine aliyeiona karatasi ile, isipokuwa mkewe, naye kwa dakika moja tu.

"Baba Salma, hii saa sifuri ndiyo saa ngapi?"

"Hayo maandishi ya kompyuta. We funga mizigo."

Likizo hii ilikuwa imesubiriwa sana. Mama Salma ana dada yake aliyeolewa Muscat zamani, na kila mwisho wa mwaka hupiga simu kuuliza mnakuja lini au mnanidanganya tena. Safari hii pesa za upatu zilitosha, paspoti zikatoka, viza zikatoka. Dada akaambiwa, "Tunaruka Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi tupo kwako." Kwa hiyo hata yule wa upande wa pili, ambaye angeweza kushtuka, alipewa hesabu ile ile mbovu.

Ijumaa walilala mapema ili wapumzike. Jumamosi asubuhi Mama Salma aliamka kuoka mkate wa kumimina, ufike Muscat bado laini. Masanduku yalipelekwa dukani kwa Mpemba yapimwe, lisipite hata moja kilo 23. Jioni majirani wakaja kuaga, kila mmoja na salamu zake na kimfuko chake. Saa mbili usiku gari likaondoka. Dereva, kwa mazoea, akawapeleka Jengo la Pili la Uwanja wa Julius Nyerere, ingawa safari za nje zilihamia Jengo la Tatu tangu lilipozinduliwa Agosti 2019. Wakazunguka. Baba Salma hakukasirika. Akaangalia saa yake akasema muda upo tele.

Mlangoni askari aliichukua karatasi, akaisoma, akatazama simu yake, akaisoma tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ndege hii imeshaondoka. Usiku wa kuamkia leo."

"Leo si Jumamosi?"

"Ni Jumamosi. Na iliondoka Jumamosi. Mlikuwa mmelala."

Shirika la ndege huhesabu siku kwa saa 24, na tarehe hugeuka usiku wa manane. 00:40 ya Jumamosi ni dakika arobaini tu baada ya Ijumaa kwisha. Na kwa kuwa abiria wa safari ya nje huambiwa afike saa tatu kabla, familia hii ilitakiwa kuwa mlangoni pale saa tatu na dakika arobaini usiku wa tarehe 13, Ijumaa, wakati wao wanazima taa. Ndiyo maana wazoefu wa ndege za usiku hawaandiki ukutani siku inayoruka ndege. Huandika siku na saa ya kutoka nyumbani, kwa saa zetu za Kiswahili, na kwa herufi kubwa.

Kinachouma zaidi ni kwamba ndani ya nyumba ile mlikuwa na watu wawili ambao wangeliona kosa. Wa kwanza ni bibi, mama yake Baba Salma, mtu wa Pangani. Kwa wazee wa pwani siku mpya huingia jua likizama, na usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaofuata Alhamisi. Mwambie bibi "usiku wa Jumamosi" naye atajiandaa Ijumaa baada ya magharibi, sawasawa kabisa na tiketi. Wa pili ni Salma mwenyewe, kidato cha tatu, aliyefundishwa kubadili saa za mfumo wa 24 tangu shule ya msingi. Bibi hakuulizwa. Salma hakuonyeshwa. Baba Salma si mjinga, ana diploma na anasoma gazeti kila siku. Ila katika nyumba zetu nyingi karatasi za safari ni mali ya mwenye nyumba, na kuomba kuziona ni kama kumtilia shaka.

Kule kaunta mambo yalizidi kuharibika. Binti wa shirika aliwaeleza kwa upole kwamba abiria asipotokea safari ya kwenda, mfumo hufuta na ya kurudi. Tiketi zao zilikuwa za bei nafuu, za aina isiyorudishiwa nauli. Walichoweza kudai ni sehemu ya kodi za uwanja, nazo huchukua wiki kadhaa. Baba Salma akauliza kwa nini hawakukumbushwa. Binti akageuza kioo wakaona: ujumbe wa kukumbusha ulitumwa Alhamisi jioni, kwa barua pepe na namba ya simu ya kijana wa steshenari, maana ndiye aliyejaza fomu na hakuna aliyemwambia aweke namba ya msafiri. Kijana anajaza fomu kama hizo kwa watu wengi kila wiki. Ujumbe aliuona, akaupita.

Mkate wa kumimina waliula Jumapili asubuhi, Tabata, kwa chai ya rangi. Dada alipopigiwa simu alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema atachangia nusu ya nauli.

Jumatatu walikwenda wote kwa wakala wa tiketi mjini, bibi peke yake akabaki. Kijana wa pale alibofya akasema Jumatano kuna ndege ile ile ya 00:40, ndiyo rahisi kuliko zote, na kuna nyingine ya 14:25 inayopitia mji mwingine, ghali kidogo. Baba Salma akafungua mdomo.

"Ya mchana," Mama Salma akamwambia kijana. "Weka namba yangu. Na hiyo karatasi ikitoka mpe Salma."