Nia, Kidole na Kadari

Katika vijiji vya Mzenga, upande ule wa Kisarawe ipitiako reli ya TAZARA, mkulima aliyekesha juu ya dungu akiulinda muhogo wake na nguruwe mwitu, akafyatua bunduki na risasi ikapita kando, huwa na jawabu lililo tayari kinywani: Mungu hakupenda. Sina ugomvi na itikadi hiyo, ambayo ni yangu pia. Ugomvi wangu ni na upesi wake, kwa kuwa mtu amtajaye Mola kabla hajautazama mtutu wake wala mkono wake amejitafutia pa kujificha.

Wajuzi wa silaha hawaanzii huko, na hasa wakiwa na bastola, ambayo kwa ufupi wa mtutu na kukosa kitako cha kuegemea bega hulikuza kosa dogo la kidole likawa kubwa shabahani. Hutazama kwanza matundu: yakiwa yamekusanyika pamoja, lakini mbali na kati, ipo sababu moja inayojirudia. Bastola huegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, akapewa mtu mwingine apige. Matundu yakirejea kati, kosa lilikuwa la mpigaji wa kwanza, na yakibaki palepale, alama za kulengea ndizo zilizokaa kombo, na ile ya mbele husogezwa upande uleule risasi zinakoangukia. Hata uzito wa risasi una neno, maana ile nzito, kwa kukawia mtutuni wakati bastola inaruka, aghalabu hupiga juu zaidi.

Lakini jaribio lenye ibra kuliko yote ni la risasi bandia, ambayo huchanganywa na za kweli bila ya mpigaji kujua. Zamu yake ifikapo, husikika mlio mkavu tu, hapana mshindo wala moshi, na hapo waliosimama kando huuona mtutu ukiinama wenyewe, chini na kushoto kwa mwenye kutumia mkono wa kulia, kwa sababu mkono umekwisha kuukimbia mshindo ambao haukuwako. Akiambiwa, hukana, na wala hasemi uongo, maana alipolenga alilenga sawasawa.

Fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo mwendo wa pwani yetu, hushurutisha nia ya sala iandamane na takbira yenyewe. Haimtoshi mtu kuwa alinuia alipokuwa njiani kwenda msikitini. Mpigaji wetu alikuwa na nia safi wakati wa kulenga, ila baina ya kulenga na kufyatua iliingia khofu, nayo ndiyo iliyokishika kidole. Je, kitendo hicho ni cha nani? Wafuasi wa Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, walifundisha kwamba vitendo huumbwa na Mungu na mja huvichuma, na kwa kauli hiyo mtu aweza kuisadiki kadari yote na bado akabaki na hesabu ya kidole chake. Kwa rai yangu, anayekubali kupimwa kwa risasi bandia ana adabu zaidi mbele ya Mola kuliko yule anayeinua mikono na kusema ameridhika.

Sharia nayo haikuliacha jambo hili hewani. Aliyelenga mnyama akamuua mtu hana kisasi, wala hahesabiwi kuwa muuaji wa kusudi. Hata hivyo dia ni wajibu, na juu ya nafsi yake ipo kafara, kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Dia hubebwa na jamaa zake wa kuumeni, kila mmoja kwa kadiri yake. Ile miezi miwili huifunga yeye peke yake, na akila mchana wa siku moja pasi na udhuru, huanza upya.