Istikhara si kusubiri ndoto

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao.

Ndugu Waislamu, katika maswali tunayoulizwa walimu wa dini hapa Musoma baada ya darsa, moja halikosekani: "Ustadh, nimeswali istikhara siku saba na sijaota kitu. Nifanyeje?"

Tuchukue mfano wa kijana anayeuza dagaa pale Mwigobero. Mama yake anaumwa kijijini, Butiama. Akimleta mjini, yeye, mke na watoto wanaishi chumba kimoja cha kupanga. Akihamia kijijini, anaacha biashara inayomlipia ada mdogo wake anayesoma Bunda. Kaka zake wanasema mama aletwe mjini, mkewe anasita. Kijana anaswali rakaa mbili, analala, anasubiri ndoto. Wiki ya tatu inaingia, na mama bado yuko peke yake. Ndugu zangu, kusubiri huko nako ni uamuzi, na anayeulipia ni mama.

Turejee kwenye mafundisho. Jabir bin Abdillah (R.A.), katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari, anaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) akiwafundisha istikhara katika mambo yao yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'an. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Ndani ya dua hiyo mja anamwomba Mola wake: jambo hili likiwa na kheri katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wangu, nifanyie wepesi, likiwa na shari, liepushe nami na uniepushe nalo, kisha unipe kheri popote ilipo na uniridhishe nayo. Hakuna ndoto iliyotajwa humo. Anayeomba afanyiwe wepesi ni mtu anayekwenda, si aliyekaa.

Pia istikhara ina mahali pake. Hatuswali istikhara kuuliza kama tutimize wajibu au tuache haramu. Kuwatendea wema wazazi kumeamrishwa (17:23), tena uzee wao ukatajwa waziwazi. Kwa hiyo kijana wetu hana la kuuliza kama amtunze mama au la. La kuuliza ni vipi: mjini au kijijini, kwa fedha zipi na kwa mikono ya nani.

Hapo ndipo inapoingia shura. Akae na mkewe kwanza, kwa kuwa ndiye atakayeuguza, na kusita kwake huenda kuna sababu ambayo hajaulizwa. Awaite kaka zake, kila mmoja aseme atatoa nini badala ya kutoa rai tu. Amuulize daktari ugonjwa unahitaji nini. Amuulize na mama mwenyewe anataka kuishi wapi.

Wengine huogopa kuamua kwa hofu ya kukosea. Tukumbuke Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (S.A.W.) alipendelea kubaki Madina, wengi wakataka kutoka, akakubali rai yao. Alipokwisha kuvaa deraya wakajuta, lakini hakuivua. Siku ile Waislamu walipata msiba mkubwa. Je, baada ya hapo shura ilifutwa? Aya iliyoshuka kuhusu tukio hilo (3:159) ilimwamrisha Mtume awasamehe, awaombee maghfira na aendelee kushauriana nao. Na akishaazimia, amtegemee Allah. Matokeo machungu hayakuifanya shura kuwa kosa.

Butiama hiyo hiyo ina mfano mwingine, ingawa mhusika hakuwa Muislamu. Mwaka 1955, aliporejea kutoka Umoja wa Mataifa, New York, Mwalimu Nyerere alitakiwa achague: kufundisha Pugu au kuongoza TANU. Alikuwa na mke na familia changa. Aliacha kazi na mshahara, akarudi kwao kwa miezi kadhaa, kisha akarejea Dar es Salaam kuendelea na siasa. Hakupata njia isiyo na gharama, kwa sababu haikuwepo.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Mara nyingi anayengoja ndoto hatafuti uongofu, anatafuta uamuzi usiomgharimu kitu. Na ndoto ikichelewa, shetani humwelekeza kwa mpiga ramli. Waarabu wa jahiliya walipiga bao kwa mishale kabla ya safari na ndoa, na Qur'an ikaliharamisha hilo (5:90). Tusiirudishe mishale ile kwa jina la istikhara.

Mvuvi wa dagaa hachagui usiku wa kutoka kwa kuota. Anangoja usiku wa giza ili taa zake zivute dagaa, anautazama upepo, anawauliza wenziwe waliotoka jana, anamwomba Mungu, kisha anasukuma mtumbwi. Kuna usiku atarudi na kapu tupu, na kesho yake hutoka tena.

Basi aliye na jambo leo, atazame halali na haramu, achunguze, ashauriane, aswali rakaa zake mbili, kisha aamke asubuhi aanze. Allah akilifungua, ashukuru. Akilifunga, ajue kuwa hilo nalo ni jibu la dua yake.

Wabillahi tawfiq.