Maji ya Tana na Shibe ya Wengine

Fahamuni kuwa anunuaye nafaka hununua pamoja nayo maji yaliyoiotesha, ijapokuwa mizani ya sokoni haiyapimi.

Saudia ililima ngano jangwani kwa maji ya chini ya ardhi. Mwaka 2008, ilipoona maji hayo yanakwisha, ilikata shauri kuiacha kidogo kidogo hata 2016. Kwao ni busara. Lakini ngano isiyolimwa kwao bado yataka kuliwa, basi hulimwa kwingine kwa maji ya wengine. Mwaka huo huo zilienea habari kuwa Qatar ingekodishwa hekta 40,000 za delta yetu ya Tana ilime chakula chake. Mpango ule haukutimia. Kadhalika kampuni ya Mumias ilitaka hekta 20,000 za miwa, na Bedford Biofuels ya Kanada ikaja kutafuta mafuta ya mibono, ikafunga kazi 2013.

Biashara ni halali, wala hatuikatazi. Twauliza: faida ikisafiri, madhara hubaki kwa nani? Furiko la mto ndilo limwagilialo mpunga wa Mpokomo, na ndilo liotesha nyasi ambazo ng'ombe wa Muorma huzishukia wakati wa kiangazi. Mto ukigeuzwa, wote wawili hukosa. Na wenye kukosa tumeona walivyouana: kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu mia walikufa katika wilaya hizi.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji na malisho, na kuwa haifai kudhuru wala kudhuriana. Basi mkataba unaomnyima mshirika haki yake bila ya shauri lake ni dhuluma, hata ukiwa na mihuri kumi.

Wako miongoni mwetu wasemao, "Ni kudura," wakakaa kitako. Hiyo si tawakkul, ni uvivu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu, kwa mashtaka ya wenyeji wenyewe, iliamuru matumizi ya ardhi ya delta yapangwe kwa kuwashirikisha wakazi. Haki hiyo mnayo. Basi barazani Garsen hudhurini, mkulima na mfugaji bega kwa bega, karatasi isomwe yote kabla ya kidole kutiwa wino.

Wabillahi tawfiq.