Masikilizano: je, kunyamaza ni kuitika?

Kwa shule tulijifunza methali moja ya Kifaransa isemayo kwamba yule asiyesema neno ameitika. Methali hiyo tumeishika sana, hata kupita wenye kuitunga. Katika mikutano yetu ya mtaa, ya kanisa, ya likelemba na ya vikundi vya vijana, utasikia prezida akiuliza: "Hakuna mwenye kupinga? Basi, neno limekatwa." Watu wanapiga mikono, sekretere anaandika kwamba wote wamekubali, kisha kila mtu anarudi kwake.

Ndugu wasomaji, tunataka tuulize swali moja tu katika kurasa hizi: je, ule ukimya ni masikilizano kweli? Na kama si masikilizano, tuna haki gani ya kumdai mtu afuate neno ambalo hakulisema?

1. Neno lenyewe linatufundisha

Hapa kwetu Kongo, watu wakipatana tunasema wamesikilizana. Mume na mke wenye amani, tunasema wanasikilizana. Muuzaji na mnunuzi wakifikia bei, wamesikilizana. Angalieni vizuri neno hilo. Haliseme kwamba watu wamefanana mawazo. Haliseme kwamba wengi wameshinda wachache. Linasema kwamba huyu amemsikia yule, na yule amemsikia huyu. Kwa hiyo mahali ambapo mtu hakusema, hakuna aliyemsikia, na mahali ambapo hakusikiwa, masikilizano bado hayajafika, hata kama wote wamepiga mikono.

2. Siku ya robine

Tutoe mfano wetu wenyewe, hata kama unatuletea haya kidogo. Miaka kadhaa iliyopita, kikundi chetu kilitengeneza chanzo cha maji kwenye kilima na kuweka robine moja. Kazi ilifanywa kwa salongo, kila nyumba ikaleta mikono na mawe. Ilipokwisha, tukaitana jioni ili tukate neno juu ya malipo. Wababa watatu walisema sana. Wakaleta wazo kwamba kila bidoni ilipiwe. Prezida akauliza kama kuna mwenye kupinga. Kimya. Tukaandika.

Majuma mawili hayakupita, robine ikabaki na mlinzi wake tu. Wamama walirudi kuteka mtoni, kule chini, maji yaleyale machafu tuliyoyakimbia. Tukakasirika. Tukawaambia: "Mulikuwa pale, mulinyamaza, sasa munaharibu kazi ya wote." Mama mmoja mzee akatujibu kwa upole:

"Wababa, kule kunyamaza hakukukuwa ndiyo. Muliuliza saa ile tulishasimama juu ya kwenda kupika. Na tena, nani alituuliza kama ile franga tuko nayo?"

Hatukuwa na jibu. Ni kweli, sisi wababa hatuteki maji. Tulikata bei ya mzigo ambao haukai juu ya vichwa vyetu.

Tukaanza upya, na ilituomba barza tatu. Tulihamisha saa ya kukutana, ikawa siku ya Mungu mchana, wakati chungu hakiko motoni. Tukazunguka mtu kwa mtu, kijana akianza na mzee akimaliza, kwa sababu mzee akisema kwanza, vinywa vingi vinafungwa. Na sekretere, aliyekuwa akiandika kwa Kifaransa, akaanza kuandika kwa Kiswahili na kusoma kwa sauti mbele ya watu kutawanyika, ili kila mmoja aseme: ndiyo, ni hivyo nilivyosema, ao hapana. Mwishowe tulipatana kwamba kila nyumba itoe mchango mdogo kwa mwezi, na wajane na wazee wasio na nguvu wateke bure.

3. Wazee walituachia nini

Wengine watasema masikilizano ni mambo ya mashirika ya Wazungu na mafunzo yao. Si kweli. Wanande wana kyaghanda, nyumba ya kukaa na kusemezana mambo ya ukoo. Warega wana mutanga, ile kamba inayotundikwa vitu vidogovidogo, na kila kitu kinabeba methali yake. Mtu anaweza kugusa kitu kimoja juu ya kamba, na hekima ya wakubwa ikasema mahali pake. Sisi tunaona hapo akili kubwa: unaweza kumpinga mkubwa wako bila kumtukana, kwa kuwa si wewe unayesema, ni methali. Kikundi kisichompa mdogo njia ya kupinga kwa heshima kinamfundisha mambo mawili tu: kunyamaza ao kutukana.

Wenye elimu ya falsafa pia wamelichunguza jambo hili. Ndugu yetu Mkongomani Ernest Wamba dia Wamba, aliyefariki mwaka 2020, aliandika juu ya barza ya kijiji kama njia ya watu wote kusema mabaya yaliyo kati yao na kuyaponya. Kwasi Wiredu wa Ghana alifundisha kwamba wazee wa Waakan hawakutafuta wingi wa kura, walitafuta mapatano. Alikumbusha ile alama yao ya mamba mwenye vichwa viwili na tumbo moja: vichwa vinagombania chakula, lakini chakula chote kinaingia tumbo lilelile. Mnigeria Emmanuel Eze akamjibu kwamba si kila mara watu wana tumbo moja. Mara nyingine wanachotaka ni mambo tofauti kabisa, na kuwaambia wako kitu kimoja ni kuwafunika.

Sisi tunaona wote wawili wana sehemu ya ukweli. Siku ya robine, wababa na wamama tulikuwa na tumbo moja, maana wote tunakunywa maji. Lakini shingo inayobeba bidoni ilikuwa ya mmoja tu.

Na hapa lazima tuseme bila kuficha. Barza ya wazee mara nyingi ilikuwa barza ya wababa. Wamama, vijana na wageni walikaa pembeni, ao walituma neno lao kwa kinywa cha mtu mwingine. Kupenda desturi si kuifungia macho. Tunaichukua subira yake, tunaichukua heshima yake, kisha tunaongeza viti.

4. Namna gani juu ya kura?

Mtu atauliza: kwa nini tusipige kura tu, mambo yakaisha mbio? Waswahili wa pwani wanasema wengi wape. Hatupingi uchaguzi wa nchi. Wananchi mamilioni hawawezi kukaa ndani ya kyaghanda moja, na Wakongomani walingoja sana kabla ya kupiga kura mwaka 2006. Lakini katika kikundi cha watu 30 wanaojuana, kura ina sumu yake. Mahali ambapo watu wanajihesabu kwa kabila, kuinua mikono ni kuhesabu makabila. Walio wachache leo watakuwa wachache kesho na kesho kutwa, na wanajua hivyo mbele ya mkutano kuanza. Kwa nini waje?

Jimbo la Kivu ya Kaskazini lilijua jambo hili. Mwaka 1998 iliundwa barza ya jamii mbalimbali, iliyokutanisha wakubwa wa makabila ya jimbo ili wamalize magomvi kwa maneno. Ilisaidia kupunguza moto kwa muda. Lakini mwaka 2005 ilikuwa imevunjika, siasa na bunduki zikiwa zimeingia kati. Funzo tunaloliona ni mbili: hakuna masikilizano mbele ya mtu mwenye silaha, na mapatano ya wakubwa hayadumu kama walio chini hawakuulizwa.

Tusichanganye pia masikilizano na kugawana viti. Mapatano yaliyotiwa sahihi Pretoria mwezi wa 12 mwaka 2002 yaliipa nchi prezida mmoja na makamu wanne, ile tuliyoiita "moja jumlisha ine". Yalisaidia kuunganisha nchi iliyokuwa imekatwa vipande, hatuwezi kukana. Lakini kila upande kupata sehemu yake ya mkate si kusikilizana. Watu wanaweza kugawana mkate wakiwa wamepeana migongo.

Vijana wa Goma walioanzisha LUCHA mwaka 2012 walichagua njia nyingine. Hawakujipa prezida. Walidai maji, kazi na amani bila kushika silaha, na mwaka 2016 Amnesty International iliwapa heshima pamoja na vijana wa Senegali na wa Burkina Faso. Si lazima mtu akubali kila jambo walilofanya. Lakini tujifunze hili: kichwa kimoja ni rahisi kukinunua ao kukifunga. Kikundi ambamo kila mmoja anajua kwa nini neno lilikatwa, hata ukiondoa watu watano, neno linabaki.

5. Je, mtu mmoja anaweza kuzuia wote?

Swali hili ndilo gumu kupita yote. Kama tunangoja kila mtu aitike, mjeuri mmoja anaweza kutufunga miguu. Wakristo wanaoitwa Marafiki, waliotokea Uingereza miaka zaidi ya 350 iliyopita, hawapigi kura katika mikutano yao ya kazi, na vikundi vingi vya wapenda amani vimejifunza kwao. Kutoka huko tumepata tofauti moja nzuri. Kuna mtu anayesema "sipendi", na kuna mtu anayesema "hapana, hili ni kosa". Wa kwanza anaweza kukaa kando na kuacha wenzake wapite. Wa pili anasimama njiani, na lazima aeleze, si juu ya faida yake, bali juu ya kikundi chote. Kusimama njiani ni haki, lakini ni haki ya kutumia mara chache, sawa vile dawa kali.

Katika mambo ya robine, baba mmoja hakupenda mapatano yetu ya mwisho. Alisema mchango ni mdogo, tuyo zitapasuka na sanduku litakuwa tupu. Tukamuuliza kama anazuia. Akajibu: "Hapana, miye siwafungie njia. Lakini muandike neno langu." Tukaliandika.

Miezi sita baadaye tuyo ilipasuka. Sanduku lilikuwa na pesa kidogo sana. Tukafungua kitabu cha mikutano, tukasoma neno lake mbele ya wote. Hakucheka, hakusema "niliwaambia". Alisimama akauliza: "Tufanye nini sasa?" Mchango ukapandishwa, na wamama walioukataa ule wa kwanza ndio waliotaja kiasi.

Kwa hiyo tukubali kwamba masikilizano hayatukingi na kukosea. Sisi tulisikilizana na tukakosea. Lakini neno la aliyebaki peke yake lilikuwa limehifadhiwa kama mbegu, na siku ya haja tukalikuta. Kama tungekata kwa kura, angekuwa mtu aliyeshindwa, na aliyeshindwa mara nyingi anafurahi tuyo ikipasuka.

Tumalize

Kunyamaza kunaweza kuwa kuitika. Kunaweza pia kuwa woga, uchovu, haya, njaa, ao chungu kinachongoja motoni. Kazi ya anayeongoza mkutano ni kutafuta ni kimya cha namna gani. Basi, ndugu na dada, katika mkutano wenu ujao, prezida akiuliza "Hakuna mwenye kupinga?" na watu wakanyamaza, tunaomba mmoja wenu ainuke kwa heshima aseme: "Muzee, tungoje kidogo. Mama yule kule nyuma hatujamusikia." Itawachelewesha saa moja. Sisi kwa kutomungoja tulipoteza majuma mawili, na wamama wetu waliyalipa kwa miguu yao.