Dawa ya Kutiwa Baharini, na Ushahidi wa Nyanza

Mas'ala yanayoulizwa siku hizi ni haya: je, yajuzu kwa mwanadamu kutia kitu baharini makusudi, ili bahari iivute hewa ya ukaa na kuizika chini, na joto la dunia lipungue? Wakaao mbali na pwani wasidhani kwamba mas'ala haya hayawahusu. Watu wa Mwanza wanao ushahidi juu yake, nao uko mbele ya macho yao.

Kwanza yapasa kulijua jambo lenyewe. Kabla ya kuja viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa kadiri ya sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo, kwa moshi wa makaa ya mawe na mafuta na kwa kuchomwa misitu, imepita 420. Bahari humeza kama robo ya hewa hiyo itolewayo na watu kila mwaka, na kwa kuimeza maji yake huzidi kuelekea uchachu. Basi wako wataalamu watakao kuiongezea bahari nguvu: wengine kwa unga wa mawe ya namna ya chokaa, wengine kwa kulima mwani, na wengine kwa kutia chuma. Chuma ni mbolea ya mimea midogo mno ielayo majini. Ikikipata husitawi, huvuta hewa ya ukaa, kisha hufa na kuzama nayo.

Ama Nyanza imekwisha kutiwa mbolea, ingawa hakuna aliyekusudia. Kwa miaka mingi udongo wa mashamba na maji machafu ya miji yameteremka ziwani. Mimea midogo ikasitawi, maji yakawa ya kijani. Kisha ikafa, ikazama, ikaoza, na kuoza huko kukaila oksijeni ya maji ya chini, hata samaki wakakosa pa kukaa. Basi asemaye kwamba mimea ikizama shauri limekwisha, na aulizwe ni viumbe gani wakaao huko chini.

Kadhalika sangara. Tangu miaka ya 1950 alitiwa ziwani ili watu wapate samaki wakubwa kwa wingi. Manufaa yalikuja kweli: viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na watu wengi wakapata riziki. Lakini furu, waliokuwa namna mamia, wengi wao wasiopatikana pengine po pote duniani, wakatoweka kwa wingi katika miaka ya 1980, wakiliwa na sangara na kudhikishwa na maji yaliyoharibika. Waliomtia sangara walitaka kheri. Lakini nia yao njema haikuwarudisha furu, wala leo hakuna awezaye kumtoa sangara ziwani.

Na lau atasema msemaji: "Basi mwanadamu asiyaguse maji kabisa," atajibiwa kwamba sivyo. Katika miaka ya 1990 gugu maji lilipoyafunika maegesho ya mitumbwi, waliletwa fukusi walao gugu hilo, baada ya kujaribiwa kama watadhuru mimea mingine. Nao wakasaidia kulipunguza. Huko kujaribu kulitangulia kutenda.

Na lau atasema: "Joto linadhuru watu, na kungoja nako ni madhara," neno lake ni la haki. Mkulima wa Usukuma akosaye mvua kwa wakati wake hakuwasha viwanda vya Ulaya. Lakini kaida iliyo mashuhuri kwa wanavyuoni ni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Na dawa yenyewe haijathibiti. Mwaka 2009 wataalamu wa Kijerumani na Kihindi walitia chuma katika bahari ya kusini, mahali pa kilometa za mraba 300. Mimea ilisitawi, lakini ikaliwa na viumbe vidogo vya majini, na kilichozama kikawa kichache. Mwaka 2012 zilimwagwa tani kama 100 za vumbi la chuma karibu na visiwa vya Haida Gwaii, magharibi ya Kanada, pakazuka ugomvi mkubwa. Mwaka 2013 mataifa ya mkataba wa London juu ya kutupa taka baharini yakapitisha kwamba kazi kama hizo ziwekewe masharti.

Basi lililo karibu na haki ni hili: majaribio madogo, ya wazi, yawezayo kusimamishwa, na wanaoishi kwa maji hayo waulizwe kwanza, hayakatazwi. Lakini anayetubu huanza kwa kuliacha kosa. Tajiri atakayelipa bahari isafishwe huku moshi wake unazidi, ni mfano wa mtu amwajiriye mwingine amfungie saumu, naye anaendelea kula mchana. Maji ni amana ya wote, na miongoni mwa wenye amana hiyo wamo ambao hawajazaliwa, wala hawawezi kuulizwa kama wameridhia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.